Theluji ya mashine

Leo mchana, jua la Kariakoo linachoma, mdogo wangu kanipigia video kutoka Zermatt, Uswisi. Yuko likizo, anajifunza kuteleza kwenye theluji.

Viatu na mbao za kutelezea kakodi, hakununua. Kaenda kwa treni, maana wenye magari huyaacha kijiji jirani cha Täsch, Zermatt kwenyewe hayaingii.

Kisha akageuza simu.

Ukanda mweupe unashuka mlimani, na pembeni yake nyasi kavu, za kahawia.

"Dada, hiyo nyeupe imepulizwa na mashine. Inakula maji na umeme hiyo!"

Nikaikumbuka Kibo yetu, kilele cha Kilimanjaro, barafu inavyopungua. Moyo umeniuma.

Pasaka tunakwenda Morogoro. Gari linabaki nyumbani, tunapanda treni ya umeme.

Nani kashaipanda na watoto wadogo? Niambieni jamani.