Siku moja maishani mwangu: kuongoza wageni Antaktika

Saa 11 alfajiri. Jua limeshachomoza, mwezi Januari hakuna giza totoro huku kwenye Rasi ya Antaktika. Napanda juu kwa nahodha. Tangu tutoke Ushuaia, mji wa bandari kusini mwa Argentina, tumeuvuka Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwa siku mbili za mawimbi, na sasa meli imetulia mbele ya Neko Harbour, ghuba ndogo tunakotaka kushuka. Tunaangalia upepo na barafu inayoelea. Nahodha akikataa, hatushuki, hata ratiba iseme nini. Leo amekubali.

Saa 1 asubuhi ni ukaguzi. Tunafyonza vumbi kwenye mifuko ya makoti na begi za kamera, kisha tunachokonoa nyayo za buti kutafuta mbegu. Kazi hii naipenda kuliko wageni wanavyodhani. Mimea ya asili inayotoa maua katika bara hili ni aina mbili tu, na nyasi ngeni iitwayo Poa annua imeshaota karibu na baadhi ya vituo vya utafiti. Aliileta binadamu. Buti zinachovywa kwenye dawa tukishuka, na tena tukirudi.

Saa 2 na nusu boti za mpira zinaanza kupeleka watu. Nchi kavu hawaruhusiwi kuzidi wageni 100 kwa wakati mmoja, na kila mtu akae mita 5 mbali na pengwini. Kwa sababu ya mafua ya ndege, yaliyothibitishwa katika bara hili mwaka 2024, hakuna kukaa chini, kupiga magoti wala kuweka begi kwenye theluji.

Pengwini wana njia zao, wamezichimba kwa kupita huku na huku kati ya viota na bahari. Mzee mmoja amesimama katikati ya njia akipiga picha. "Samahani mzee, tuwapishe." Anasogea, na pengwini watatu waliokuwa wakisubiri wanapita.

Ghafla, ng'ambo ya ghuba, kipande cha ukuta wa barafu kinaanguka kwa mlio kama wa radi. Napaza sauti watu wapande juu, maana wimbi hufika baadaye, na limewahi kufagia ufuko huu. Ndiyo sababu siruhusu mtu azubae karibu na maji hapa.

Mgeni wa mwisho akishaondoka, tunabaki na koleo kufukia mashimo ya buti kwenye theluji. Shimo linalofika magotini kwetu, pengwini akitumbukia anaweza kushindwa kutoka. Mgongo unauma, lakini siwezi kupanda boti nikiwa nimeacha hata moja.

Mchana tunazunguka kwa boti kati ya milima ya barafu. Nyangumi mwenye nundu anaibuka, injini tunaiacha ikinguruma polepole bila kusogea.

Saa 3 usiku naandika ripoti: mahali, muda, idadi ya walioshuka, ndege yeyote tuliyemwona mgonjwa. Leo hatukumwona.