Pauillac, kwenye mvinyo wa 1996

Treni ya kutoka stesheni ya Saint-Jean, Bordeaux, Ufaransa, ilinishusha Pauillac asubuhi. Ni mji mdogo kando ya mlango wa mto uitwao Gironde, maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Nilitarajia milima, nikakuta vituta vya changarawe na mizabibu isiyonifika kiunoni. Nimekulia Dodoma, zabibu nazijua, ila mawe haya kama mayai ya kuku yalinishangaza. Mvua haituami hapo, na jua likizama mawe hubaki na joto. Ndiyo maana Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu nyekundu inayochelewa kuiva, imepapenda.

Mzee wa ghala la mvinyo, vidole vimeingia rangi ya zambarau, alitupeleka kwenye mapipa ya lita 225. Palinukia kama kwa seremala aliyetoka kuranda mbao. Mvinyo hukaa humo mwaka na nusu hivi. Watengenezaji wengine bado huusafisha kwa ute wa mayai. Viini vilivyobaki, wenyeji husimulia, ndivyo vilivyozaa canelé, vikeki vya Bordeaux. Nilishakula vinne stesheni.

Akatumiminia kwanza mvinyo wa mavuno ya 2016, mweusi kama wino. Ulimi ukakauka, ufizi ukakaza: ukakasi ule ule wa bibo bichi. Nikakunja uso, mzee akacheka.

“Usimhukumu, huyu bado mtoto.”

Ukakasi huo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kidogo kwenye mbao za pipa. Miaka ikipita chembe zake huungana, nyingine hutuama chini ya chupa, na ukali hulegea.

Wa 1996 aliufungua taratibu, maana kizibo cha miaka hiyo hukatika ovyo. Akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina kwenye jagi la kioo bila kutikisa; mashapo yalipokaribia shingoni, akaacha. Ukingoni mwa glasi rangi ilikuwa ya tofali. Ulinukia penseli iliyochongwa, tumbaku kavu, majani yaliyolowa. Tunda lilisikika kwa mbali. Mdomoni laini, lakini nyuma kabisa ukakasi ungalipo, kama mwanajeshi mstaafu: hapigi kelele, ila mgongo umenyooka.

Nikauliza kama kila chupa ikitunzwa hufika hapo. Mzee akatikisa kichwa. Mvinyo mwingi wa Bordeaux ni wa kunywewa ndani ya miaka michache. Usiozaliwa na tanini na uchachu wa kutosha, ukiuweka unafifia tu. Na hata ulio bora, ukiusimamisha kwenye joto kizibo hukauka, hewa huingia, na umeisha.

Nilirudi na chupa moja ya 2016. Mzee alisema isubiri miaka 15, ilale kwenye nyuzi 13 hivi. Dodoma sina handaki. Nimeilaza sakafuni nyuma ya kabati, ndipo penye ubaridi kuliko kwingine nyumbani. Mke wangu amenipa mpaka Krismasi.