Chuma ulete wa Majengo

Mbukwenyi! Ba'mdogo wangu alikuwa mpelelezi, sasa kastaafu yupo zake Kizota, Dodoma, anafuga kuku, na hajawahi kuamini uchawi hata siku moja. Sasa mama mdogo ana kaduka pale Majengo, hela zikaanza kupotea kwenye droo, leo elfu kumi kesho elfu ishirini, na kufuli halijaguswa. Mtaa mzima ukasema chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta hela za watu, wakaanza kumnyooshea kidole bibi mmoja wa jirani eti ndo anapitaga asubuhi kuomba chenji (maskini, macho mekundu tu ya moshi wa kuni). Ba'mdogo akawaka, akawaambia Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na kumtaja mtu mchawi ni kosa, mnataka kulala ndani?

Akaja kukaa dukani siku nzima, kimya, anakunywa soda. Jioni akaniuliza swali moja tu, "sarafu nazo zinapotea?" Hazipotei. Akacheka, "mchawi gani huyo anachagua noti?"

Akazipaka noti binzari, ya kupikia hii hii, akafunga akaondoka. Asubuhi tukavuta droo, nyuma ubao umelegea, ukutani tundu linatokea stoo ya pili, na kuna waya una bazoka imeganda nchani. Kijana wa stoo kucha za njano kama katoka kumenya embe.

Mama mdogo hela karudishiwa, ila ndimu yake ya kuzuia chuma ulete bado ipo kwenye droo.