Breki zinajishika zenyewe? Usikimbilie kununua kalipa

Gari ikiwa nzito, ukitoa mguu kwenye mafuta inasimama haraka, na rimu moja inachoma kuliko zingine, hapo breki inabana. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, ikigoma legeza nipo (kile kiskrubu kidogo) ya kutolea upepo kwenye kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi za breki. Tairi ikiachia basi presha imenaswa, mara nyingi hosi ya mpira imevimba ndani, inapitisha oili ya breki kwenda ila kurudi inagoma, na kwa nje unaiona nzima kabisa (mafundi wengi wanairuka hii!). Isipoachia, pistoni au pini za kalipa zimeganda. Zikibana zote nne, angalia pedali, kama haina uhuru hata kidogo basi masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) hairudi mpaka mwisho na oili ikipata moto ndo inazidi kubana.