Pua Yangu Ilipimwa kwa Harufu za Watu Wengine

Ndugu zangu mlioko Marekani ambao Korona iliwapitia puani, huenda mmeshakutana na kile kipimo cha kunusa cha vijitabu vinne, kila kimoja kurasa 10. Kila ukurasa una kipande cha kahawia, unakikwaruza kwa penseli, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne. Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikitoa mwaka 1984. Hata kama husikii harufu yoyote lazima ujaze, kwa hiyo asiyenusa kabisa, kwa kubahatisha tu, anaokota kama 10 kati ya 40.

Mimi hospitali ya huko waliniambia nguvu ya pua kunusa imeshuka sana. Kushuka imeshuka, sibishi. Nilichobishia ni hiyo “sana”. Karafuu, mdalasini, nanasi, karanga, nazi, zote nilizijibu bila kusita. Halafu zikaja soda ya root beer, tango la siki, keki ya tangawizi. Mtoto wa Ilala angezijulia wapi? Ilipofika wintergreen, mmea wao wa kunukia, nikasikia waziwazi dawa ya kuchua, ile tuliyopakwa tukitoka mpirani misuli imebana. Kwao hiyo ni harufu ya peremende. Dawa ya kuchua kwenye majibu manne haikuwemo, nikakosa.

Wajapani walishaliona hili. Kipimo chao kina harufu 12, zikiwemo wino wao wa kuandikia kwa brashi na mti wa hinoki. Mpe Mmarekani huo wino uone kama hataambiwa pua yake mbovu.

Sasa niko Dar likizo, nikamsimulia mama mdogo. Hakuchelewa. Kesho yake asubuhi, nilipomaliza kumwamkia tu, akanifunga macho kwa kanga, akapanga vikopo mezani. “Haya mwanangu, Wazungu wamekushinda, tuone na mimi.” Iliki, nikasema kabla hajakisogeza. Dagaa. Mafuta ya taa. Udi. Binzari nyembamba, na hapo alijaribu kunipotosha kwa kuchanganya na pilipili manga, nikazitaja zote mbili. Watoto wa jirani wakawa wanashangilia dirishani kama wako uwanja wa Taifa.

Kisha akaleta kitu, nikanusa, kimya. Nikanusa tena. Maji? Kumbe asumini, mbichi, zimetoka kuchumwa. Mama mdogo mwenyewe akanyamaza kidogo. Harufu kali nazipata, zile laini zinanipita, kwa hiyo ile hospitali haikukosea yote. Na jambo hili si la kupuuza, kwa sababu pua kufifia inaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, miaka kabla ya mikono kuanza kutetemeka.

Ndiyo maana nikirudi nitaomba kipimo kingine, cha Kijerumani, cha kalamu zenye harufu. Kina sehemu isiyokuuliza jina la kitu. Unafungwa macho, unanusishwa kalamu tatu, mbili hazina harufu, unaonyesha ipi inayo. Wanaipunguza na kuiongeza mpaka wajue pua inaanzia wapi kusikia. Hapo hakuna cha root beer wala dagaa. Nawe ukipangiwa vijitabu, mwambie daktari mapema umekulia wapi, na umwonyeshe ni vitu gani hujawahi kuvionja.

Wakati nasubiri, nafanya mazoezi ya kunusa aliyoyachapisha mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009: harufu nne, asubuhi na jioni, wiki 12. Wao walitumia waridi, limao, mkaratusi na karafuu. Waridi nimeliondoa, nimeweka asumini. Limao nimeweka ndimu. Mkaratusi nimeubakiza. Karafuu mama mdogo kanifungia za Pemba, anasema hapo Wajerumani walikuwa na akili.