Siku moja maishani mwangu: andalio la somo na ua la boga

Saa 11:30 alfajiri. Naamka na kosa la jana kichwani. Kazi yangu ni kubuni programu ya simu ya kuwasaidia walimu wa shule za msingi kuandaa masomo yasiyomwacha nje mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia au anayechelewa kushika. Jana usiku nilikuza maandishi mpaka asilimia 200, kitufe cha "Hifadhi" kikatokomea nje ya kioo. Mmoja wa walimu wanaonijaribia ana ualbino, na hukuza maandishi hivyo hivyo kila siku, simu karibu iguse pua. Kumbe wiki nzima anaandaa masomo yanapotea, na hakusema neno. Alidhani mkosaji ni yeye.

Saa 12:15. Daladala ya Mbagala. Nimesimama, basi.

Saa 2:00. Darasa la Tano, watoto 83, dawati la watatu limebeba wanne. Mwanzoni programu ilimuuliza mwalimu "aina ya ulemavu". Walimu wakaliruka swali, na sikuwalaumu: mtoto hajapimwa macho, wao si madaktari. Sasa chini ya kila hatua tunauliza, "Nani ataachwa nje hapa?" Andalio lina nafasi ya wavulana na wasichana, waliosajiliwa na waliohudhuria, ila halina pa kuandika kwamba yule wa dirishani haoni ubao. Swali nimelipachika humo humo. Ningewaletea fomu nyingine juu ya walizonazo, wangenifukuza.

Somo la leo ni sehemu za ua. Kwenye zana mwalimu alikuwa ameandika "mchoro ubaoni". Alipofika kwenye lile swali akafuta, asubuhi akatuma watoto bustanini, wakarudi na maua ya boga. Yule binti wa dirishani akapapasa lake, kidole kikashuka chini ya petali, kikakuta kidude cha mviringo.

"Mwalimu, lina tumbo!"

Jirani yake akapapasa la kwake: halina. Mwalimu akacheka, akaachana na nusu ya andalio, kipindi kikaishia kwenye ua jike na ua dume.

Saa 7 mchana. Ofisini, wali maharage na ubishi wa rangi. Mwenzangu anapenda maandishi ya kijivu kilichopauka. Ili maandishi ya kawaida yasomeke, kiwango cha chini cha utofauti wa mwangaza kati yake na rangi ya nyuma yake ni 4.5 kwa 1, na kijivu chake hakifiki. Amenuna.

Saa 9 alasiri. Nafumba macho, simu inisomee kioo. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Hatukuvipa majina! Navitaja kimoja kimoja mpaka jioni.

Saa 3 usiku. Ujumbe wa mwalimu: "Dada, kesho nina kugawanya kwa njia ndefu. Huko nako kuna ua?"

Bado sijamjibu. Nimemwaga vizibo vya soda mezani, navipanga kumi kumi.