Maji ya lengalenga

Nimetoka gardi ya usiku asubuhi hii, mvua ilinyesha toka saa nane na barabara ya Kadutu ni matope matupu, nimefika nyumbani viatu mkononi. Usingizi hauji, acha niandike.

Niko na mgonjwa mmoja, tumuite tu Mama Mapasa, mapacha wake wana miezi mitano na wote wananyonya. Alifika wiki iliyopita, ukifunua kope ndani ni peupe kabisa, akitembea kidogo moyo unamdunda, na ule ulimi jamani! Mwekundu kama nyama mbichi, unang'aa, vile vinundu vidogo vyote vimefutika, chai ya moto ikigusa tu machozi yanamtoka. Laboratwari wakasema chembe nyekundu za damu ni chache halafu kubwa kupita kawaida. Folati, ile vitamini ya kutengeneza damu, imemuishia. Mimba ya mapacha inaimaliza, kunyonyesha wawili nako kunaimaliza, na mwili wenyewe unaweka akiba ya miezi minne hivi, basi.

Mimi mjuaji nikakaa pembeni ya kitanda nikamwaga hotuba yangu ya siku zote, mama kula mboga za majani, maharagwe, avoka, maini ukipata. Akaniangalia weee.

"Muganga, lengalenga nakula kila siku. Bugari ningekula na nini?"

Lengalenga ndiyo mchicha wetu, na mimi nilishaandika kwenye fishi yake ya matibabu "hali mboga". Nilifuta, lakini aibu haikufutika.

Kesho yake ndo nikamuuliza anapikaje. Anachemsha, anamwaga maji ya kijani, anaweka mengine, anachemsha tena mpaka majani yalegee kabisa, mama mkwe ndiye alimfundisha ili uchungu utoke. Kumbe! Folati inayeyukia kwenye maji, na inayobaki moto unaipunguza. Tukakubaliana aoshe kabla ya kukata, maji kidogo, afunike sufuria, dakika chache tu atoe. Ila sombe nikamwambia asiibadilishie kitu, ile itwangwe na ichemke sana vilevile, majani ya muhogo yana sumu. Maana mtu akisikia "usipike sana" anaipeleka kwenye kila sufuria.

Dawa ni komprime ya folati ya 5 mg kila siku kwa miezi minne. Daktari alimuuliza kwanza kuhusu ganzi miguuni na akataka kuwa na uhakika vitamini B12 haijapungua, sababu ikiwa ndiyo inakosekana, folati itapandisha damu huku mishipa ya fahamu inaharibika kimyakimya. Watu wanaojinunulia tu famasi hawalijui hilo.

Kazi yangu mimi ni vitu vidogo vidogo, maji ya vuguvugu yenye chumvi asukutue, mswaki laini, uji usubiri upoe, pilipili ikae mbali (hapo tuligombana kidogo), na asisimame ghafla akiwa amebeba mtoto, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kizunguzungu kipite.

Saa kumi alfajiri amemaliza kikombe kizima cha uji, mara ya kwanza. Nachukua kikombe, ananishika mkono.

"Muganga, yale maji ya lengalenga, kama ni kidogo, nisimwage?"

"Usimwage mama, chovyea bugari."

Akanyamaza, akacheka peke yake. "Kumbe mwaka mzima nimenywesha mfereji."